Kuugua kwa Ajili ya Mtihani

Jumatatu, 5 Januari 2026. Kabuku.

Matokeo ya mtihani wa kuombea nafasi chuo kikuu yamefika. Lugha: asilimia tisini na moja. Hesabu: asilimia thelathini na nne. Aibu! Nimefundisha miaka thelathini na mitatu, kumi na miwili kati ya hiyo nikiwa mkuu wa shule, na leo kompyuta inaniambia sijui hesabu. Kosa si langu. Kompyuta haitoi alama za njia, inatazama jibu tu.

Chuo kinataka hamsini. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 31. Profesa atachukua mwanafunzi mmoja tu wa uzamivu mwaka huu, na mada yangu iko tayari: kuporomoka kwa salamu miongoni mwa vijana wa Handeni. Marehemu baba alikata mkonge maisha yake yote na kutia dole gumba kwenye kila karatasi aliyowekewa mbele. Nataka jina la Mhina lichapishwe kwenye jalada la tasnifu kabla sijazikwa.

Nitarudia mtihani Jumamosi. Mke wangu, Josefina, ameuliza kama ni lazima. Nimefungua kitabu cha hesabu.

Jumanne, 6 Januari.

Habari mbaya. Asnath anaomba nafasi ileile. Asnath! Nilimfundisha kidato cha pili, naye hakuwahi gwaride la asubuhi hata wiki moja nzima. Sasa ni mwalimu wa hesabu huko Korogwe na amekuja kwao likizo. Tumekutana dukani. Ameniamkia vizuri, sikatai. Kisha akasema amefanya mtihani mara moja tu na kupata themanini na nane. Na mimi je, mwalimu? Nikamwambia matokeo ya wakubwa huchelewa.

Akasema nikipenda atanielekeza uwezekano, ile mipira myekundu na ya bluu ndani ya mfuko, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Anielekeze! Mimi!

Jumatano, 7 Januari.

Nimepata mpango. Nimemwita Asnath nyumbani nimpime kama bado yuko makini. Nimempa maswali ishirini ya aina iliyonishinda na kumwamuru aeleze kila hatua kwa sauti. Nami nikawa natikisa kichwa kama msahihishaji huku nikinakili kila kitu. Amepata yote ishirini. Nimempa kumi na tisa kwa sababu ya mwandiko.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Mwalimu, swali la saba umelinakili vibaya. Mipira ilikuwa mitano."

Nikamwambia nilikuwa nampima macho.

Alhamisi, 8 Januari.

Mara ya kwanza nilifanyia mtihani kituoni Korogwe. Sasa kituo kimejaa mpaka Februari, kwa hiyo nitafanyia nyumbani. Msimamizi yuko nchi ya mbali, anamtazama mtahiniwa kwa kamera. Kusema marufuku. Kunyanyuka marufuku. Mtu mwingine akionekana chumbani, mtihani unafutwa. Masharti mazuri. Ningeyatunga mwenyewe.

Tatizo ni hii nyumba. Haipiti nusu saa bila hodi. Huyu anataka asomewe barua ya kijiji, yule anapita tu kuniamkia.

Suluhisho limenijia nikinyoa ndevu. Josefina atawaambia majirani kwamba naumwa na nimeamriwa kupumzika. Nani atamsumbua mgonjwa? Josefina aliuliza, "Baba Joyceline, una hakika?" Nikamwambia nimefikiri kwa kina. Akasema haya.

Ijumaa, 9 Januari.

Nimejifungia ndani na mipira yangu. Habari imesambaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Asubuhi nilikuwa na homa. Adhuhuri nimesikia dirishani kwamba ni presha. Jioni nimepooza upande mmoja. Kazi safi!

Jumamosi, 10 Januari.

Saa tatu kamili nimeanza. Swali la nne: mipira ndani ya mfuko. Nililijua! La tisa pia. Nilikuwa nateleza tu. Nimefika la kumi na sita bila kufuta hata jibu moja.

Hodi. Nikanyamaza. Hodi tena. Nikanyamaza zaidi. Sauti ikasema, "Haitiki jamani, sukumeni mlango!"

Komeo likang'oka. Aliyetangulia ni Mzee Sabiri, jirani yangu, miaka themanini, rika la marehemu baba. Ningefanyaje? Mzee wa namna ile anaingia, mimi nimekaa? Nikasimama. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, akashangaa kuona upande mmoja haukupooza. Nyuma yake walikuja kwaya ya kigangoni, wazee wa msikitini, akina mama wenye uji, na watu wawili waliopanda basi la kwanza kutoka Mkata.

Msimamizi akajitokeza kwenye kioo cha kompyuta akifoka kwa Kiingereza. Mzee Sabiri akafurahi sana. "Kumbe una daktari wa kwenye kompyuta! Mwambie na goti langu, mwalimu. Hili la kushoto." Akapandisha kanzu na kulisogeza goti mbele ya kamera.

Mtihani umefutwa.

Asnath naye alikuja, na machungwa. Alisoma yaliyoandikwa kwenye kioo, akanitazama, wala hakucheka. Ningependa angecheka, ningekuwa na la kumsema.

Jumapili, 11 Januari.

Nimeandika malalamiko kurasa nne. Wamejibu kwa mistari miwili: narudia Jumamosi, tarehe 24, na hakutakuwa na nafasi nyingine kabla ya mwisho wa maombi.

Asnath amempigia Josefina. Anasema shuleni kwake Korogwe kuna chumba kitupu chenye mtandao na kufuli, na Jumamosi hakuna mtu hata mmoja. Ufunguo anao yeye. Nimekataa. Siwezi kupokea hisani ya mpinzani.

Jumatatu, 12 Januari.

Usingizi umeniletea jibu. Kosa halikuwa katika mpango, lilikuwa katika ugonjwa. Mgonjwa hutembelewa, na mimi nilipaswa kulitambua hilo. Linahitajika jambo zito zaidi, jambo ambalo watu wenye adabu huliheshimu kwa ukimya. Asubuhi ya tarehe 24 Josefina atatangaza kwamba nimefiwa na mjomba. Nani atathubutu kuja kumpigia kelele mfiwa? Nitakuwa peke yangu saa mbili nzima, mimi na mipira mitano.

Josefina amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha ameuliza turubai tutaazima kwa nani, na kama sufuria za watu mia mbili zitapatikana hapa Kabuku au tuagize Segera.

Sioni sufuria zinahusiana vipi na hesabu.