Kanga ya Zuwena na Rolakosta

Jumapili, 13 Oktoba 2019

Nimeamua. Jumamosi ijayo kanga ya Zuwena inapanda rolakosta, nami nimeishika.

Mke wangu aliitamani sana treni ile inayopandishwa juu kisha ikaachiwa. Tulikwenda mara moja tu, kwenye bustani ya michezo nje ya London. Mvua ikatuweka kwenye kibanda cha chai mpaka jioni. Alichovya biskuti, akatazama reli kule juu, akasema mvua ikikatika tutarudi. Hatukurudi. Mwaka jana nilimzika. Mwanzoni mwa Novemba bustani inafungwa kwa baridi, na goti langu halijaniahidi mwaka mwingine.

Kwa hiyo mvua isinyeshe. Hilo ni dogo. Bibi yake Zuwena alikuwa akifunga mvua za harusi Makunduchi yote: chembe ya chumvi ya mawe katika pembe ya kanga, fundo, kisha kanga inafunikwa kwa sufuria. Nimefunga. Nimetumia sufuria ya pilau, kwa uzito.

Msikitini nimewatangazia wenzangu wa msafara huo wa bustani kwamba mvua imeshughulikiwa. Mbarouk, dereva wa basi mstaafu anayejiona amiri wa kila safari, akauliza kama nimefunga ya mtaa wetu wa Edmonton tu au ya Uingereza nzima. Nikamjibu nzima. Wenye kazi zao hawafanyi nusu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua tangu Jumatatu. Mbarouk amepiga simu kuuliza kama fundo nimelifunga ndani nje. Nilimweleza kwa upole kwamba mvua inamaliza akiba yake. Akakata simu. Nadhani ameelewa.

Nimefunga pembe ya pili, kwa usalama.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hakuna hata tone. Jua, mbingu nyeupe. Ndani ya basi nilikaa mbele kama bwana harusi, kanga mapajani.

Rolakosta imefungwa.

Getini yuko Zipporah, mama wa Kikenya kutoka Nakuru. Alitusikia tukibishana kwa Kiswahili, akacheka. Akaniambia, mzee, mvua sio shida, kwa mvua tunaenda tu. Shida ni upepo. Ukiipiga treni kwa mbele inaishiwa nguvu kabla ya kumaliza kilima, na watu wanabaki huko juu wakiita mama zao. Radi nayo, akasema, hiyo hata usiulize.

Mbarouk akataka kujua mbele za watu kwa nini sikufunga upepo. Nikamwambia hakuna aliyeniagiza upepo. Mvua niliyoagizwa ilikuwa wapi?

Wengine walikula chipsi wakarudi wameridhika. Mimi nilitazama reli tupu. Zuwena akikasirika alikuwa akikunja leso mara nne. Nimeikunja kanga mara nne.

Jumapili, 20 Oktoba

Pembe ya tatu: upepo. Chumvi nimeongeza.

Mbarouk anasema Jumamosi atanipeleka kwa gari lake, aje ashuhudie nikiaibika. Ameniuliza pia kama chai yangu iwe na tangawizi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Upepo umekufa kabisa. Bendera za bustani zimelala kama nguo kambani. Nilimwonyesha Mbarouk kwa kidole.

Lakini baridi. Zipporah akasema grisi ya magurudumu imeganda, treni inakwenda kizee, lazima izungushwe tupu kwanza mpaka ipate joto. Mbarouk akasema kumbe treni ina goti kama langu. Tukakaa foleni, tukanywa chai yake. Ikapita tupu, ikapita tena tupu, kila mara upesi zaidi.

Walipofungua tu, mvua. Mvua ya ndoo. Foleni yote ikakimbilia vibandani. Tukabaki wawili, na kiti cha mbele kabisa kikitungoja.

Zipporah akanizuia. Hakuna kofia wala kitambaa kinachopepea. Nikamwambia hii ni ya marehemu mke wangu. Akaitazama kanga, akanitazama mimi. Akasema, basi ivae baba, ikaze ndani ya koti, nisiione.

Mbarouk akatandaza koti lake kama pazia. Nikajifunga kanga kiunoni kama wanawake, mafundo yakinichoma mbavu. Akauliza ninaolewa na nani. Nilikuwa nikihangaika na zipu.

Tukapanda. Juu kabisa treni ilisita, nikaona paa la kibanda cha chai, dogo kama kiberiti. Nikamwambia, Zuwena, tazama. Kisha tukaachiwa. Mvua ilinipiga usoni kama changarawe. Mbarouk alimwita mama yake, na shangazi zake wawili. Mimi nilinyamaza kiume, ingawa picha wanayopiga pale chini inaonyesha mdomo wangu wazi mpaka magego. Kamera imekosea.

Jumapili, 27 Oktoba

Kanga inakauka juu ya hita. Mafundo hayajafunguka hata moja.

Nimepima mambo kwa utulivu. Upepo nilioufunga haukuja. Mvua ilisubiri treni ipate moto, ikaja kutufukuzia foleni. Kazi safi. Zuwena angeziba mdomo kwa kiganja, kama alivyokuwa akicheka.

Mwezi ujao Mbarouk anamwoza binti yake, bustanini kwake Woolwich. Nimempa habari njema kwamba hali ya hewa naichukua mimi. Alinisihi nisiiguse, akaniapisha kwa Mungu. Anaona haya tu.

Pembe ya nne ilikuwa bado haina kazi. Nimeifunga. Kisha nimempigia mtu wa mahema ya harusi, nikamwambia asije.