Blenda Rasmi ya Arroyo Tibio

Ifahamike kwa kila mwenye mdomo na kila mwenye friza: kuanzia Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, hakuna kaya ndani ya mipaka ya Manispaa ya Arroyo Tibio itakayosaga tunda lililogandishwa kwa chombo ambacho serikali haijakitambua.

Hivyo ndivyo lilivyoanza Tangazo Namba 14. Nalijua kwa ghibu kwa sababu aliyeliandika ni mimi, Telésforo Ureña, Katibu Msaidizi wa Manispaa kwa miaka thelathini na moja, sasa mstaafu mwenye afya njema na kumbukumbu ambayo majirani wanasema imezidi kiasi.

Wapo wanaocheka wakisikia kwamba mji mzima uliundiwa kamati ya kuchagua blenda. Wanaocheka hawajawahi kuvunjika jino. Meya wetu, don Leovigildo Almánzar, alivunjika. Ilikuwa saa saba mchana, yuko barazani kwake, anakunywa batida ya stafeli, yaani tunda lililosagwa na maziwa na barafu, aliyosagiwa na mkewe. Ikapita laini, laini, laini, halafu kru! Bonge la stafeli, gumu kama kokoto, likaondoka na jino lake la dhahabu. Mtu mdogo angelaumu blenda ya nyumbani kwake. Don Leo hakuwa mtu mdogo. Alisema, "Kama kwa Meya hali ndiyo hii, wananchi wangu wana hali gani?" Siku hiyo hiyo, leso mdomoni, akaunda Kamati ya Kudumu ya Uteuzi wa Kifaa cha Kaya cha Usagaji wa Matunda Yaliyogandishwa. Mitaani wakaiita Kamati ya Blenda, kwa uvivu tu.

Tulikuwa watatu. Mwenyekiti, Meya mwenyewe. Mtaalamu, shemeji yake Radhamés, mwenye duka la vyombo, aliyekuwa na sifa ya kuwa ameshasoma maandishi ya kwenye boksi. Katibu, mimi. Kwa bahati njema, ambayo Kamati haikuona sababu ya kuisumbua kwa maswali, ghala la Radhamés lilikuwa na maboksi arobaini ya blenda aina ya Kometa, ambazo tangu Krismasi hazijapata mtu wa kuzitazama mara mbili. Kometa ilikuwa na wati elfu mbili na vitufe kumi na viwili, na kimoja kimeandikwa "Kimbunga". Sisi tunaopigilia mbao madirishani kila Septemba hatukuuliza kwa nini mtu aingize kimbunga jikoni kwa hiari yake.

Tulikaa vikao miezi minne. Suala la jagi peke yake lilikula wiki tatu. Jagi la kioo ni zito, la plastiki linatunza harufu ya kitunguu hadi harusi ya mjukuu. Tuliazimia kwamba jagi liwe na mdomo. Kuhusu kelele, Mtaalamu alitueleza kwamba kelele ni ushahidi wa kazi, na Mwenyekiti akaunga mkono kwa sauti kubwa. Ila kazi yetu iliyotukuka zaidi ilikuwa Kifungu cha Saba, kinachopanga vitu vinavyoingia ndani ya jagi. Don Leo alikiandika kwa mkono wake: "Wakubwa hutangulia. Vitaingia kwanza vipande vikubwa vya tunda, kisha vidogo, kisha barafu. Maziwa yataingia mwisho, kwa kuwa hayana umbo wala msimamo."

Tangazo lilipobandikwa, na Kometa ikiwa ndiyo iliyopendekezwa, aliyefika ofisini wa kwanza alikuwa doña Eduvigis Polanco, ambaye mji mzima tunamwita doña Vigi. Ni mjane, na anauza batida kwenye dirisha la jikoni kwake, pale inapoanza njia ya makaburini. Wanaokwenda kuzika wananunua wakati wa kurudi. Blenda yake alipewa siku ya harusi. Kitako chake ni chuma, jagi kioo kinene, na katika vitufe vitatu kinachofanya kazi ni kimoja, nacho anakishikiza kwa kibanio cha nguo. Kama blenda zote za heshima katika mji wetu, ina gauni. Lake ni la njano, lenye marinda na aproni, alilishona mwenyewe. Blenda kukaa uchi jikoni kwetu ni kama kumpokea padri umevaa taulo.

"Telo," aliniambia hata salamu hakuna, "mnataka kunichukulia mashine yangu?"

"Haichukuliwi, doña Vigi. Inapumzishwa."

"Imekwambia imechoka?"

"Ni utaratibu."

"Utaratibu! Na jana ulichokunywa dirishani kwangu kilikuwa utaratibu? Ulikunywa ya papai, ukaenda, ukarudi, ukasema ile ya kwanza ulikuwa unaonja tu."

Niliinuka nikafunga mlango wa ofisi.

"Nisikilize," akasema, na sauti ikashuka. "Mashine hii ikienda, dirisha nafunga. Dirisha likifungwa, binti yangu ananipeleka kwake New York, tiketi ameshasema atanunua. Ghorofa ya sita, Telo. Nikae nimejifunga blanketi, natazama theluji, nalea mjukuu anayeniita 'wewe'. Mimi barafu naitaka ndani ya jagi. Mlangoni siitaki."

Sasa, mtumishi wa umma hana moyo, kanuni zinakataza. Lakini macho anayo, na macho yangu yaliteremka yenyewe hadi Kifungu cha Kumi na Moja, kinachosema mwananchi yeyote anaweza kuleta kifaa chake kishindanishwe hadharani na kile kilichopendekezwa. Nilikuwa nimekiweka mwenyewe, kwa sababu tangazo lenye vifungu kumi tu linaonekana limeandikwa na mtu asiye na kazi.

"Jaza fomu hii," nikamwambia. "Nakala tatu."

Don Leo alipoiona fomu alifurahi kama mtu aliyeletewa keki. "Mashindano! Bustanini, mbele ya watu wote! Kometa imsage yule mama, halafu tumpe mkono wa pole." Ili haki ionekane, akaongeza masharti. Yeye angekuwa Mwonjaji Mkuu, naye angefungwa macho kwa leso ya Manispaa. Mtu yeyote asiseme na Mwonjaji wakati wa shughuli, na watazamaji wawe kimya. Na ili doña Vigi asije baadaye na rufaa, akaingiza Kifungu cha Kumi na Mbili: "Uamuzi wa Mwonjaji Mkuu hautapingwa na mtu yeyote, akiwemo Mwonjaji Mkuu."

"Nitajuaje ya kwetu?" akamuuliza shemeji yake chini chini.

"Nitakohoa," akasema Radhamés.

Niliandika hilo kwenye kumbukumbu za kikao. Nikaambiwa nifute. Nikafuta, ndiyo maana nalikumbuka.

Siku ilipofika bustani ilijaa hadi kwenye matawi. Kometa ilivalishwa gauni la rangi za Manispaa, lenye nembo kifuani. Ya doña Vigi ilikuja kwapani mwake, na gauni lake la njano limepigwa pasi. Don Leo akahutubia nusu saa kuhusu meno na maendeleo, akakaa kwenye kiti cha mbao, mimi nikamfunga leso. Nikahakikisha haoni. Nilifanya hivyo kwa uaminifu mkubwa.

Saa nne na dakika ishirini umeme ukakatika.

Hakuna aliyeshtuka. Umeme wetu hukatika saa hiyo kila siku. Kuna wanaomeza dawa kwa kuufuata. Manispaa ina inveta, lile boksi la betri lililoko katika kila nyumba inayojiweza, basi waya ukavutwa kutoka ofisini kwangu hadi mezani. Radhamés akaanza. Kwa kuheshimu Kifungu cha Saba akatumbukiza bonge la embe lililoganda, kubwa kama tofali, akafuatisha vipande vidogo, barafu, na maziwa akayamiminia juu, yakatuama pale pale kama mvua kwenye bati. Akabonyeza "Kimbunga".

Kometa ikanguruma kwa muda wa kusema Amina. Inveta ikalia piiii, ikazima.

"Nini hicho?" akauliza don Leo ndani ya leso.

Watu kimya. Ndiyo masharti.

Nikaenda kuiwasha inveta upya. Radhamés akabonyeza tena, kwa vidole viwili. Safari hii mashine haikunguruma, iliguna tu. Visu vilikuwa vimenaswa chini ya lile tofali la embe, mota inasukuma, tofali halitaki. Ukatoka moshi. Mwanzo mwembamba, halafu mwingi, wenye harufu ya kandambili kwenye moto, ukapanda ndani ya lile gauni la nembo na kutokea shingoni. Inveta ikalia tena, ikazima.

Zamu ya doña Vigi. Hakuharakisha. Vipande vyake vya papai vilikuwa vidogo kama dadu, na alikuwa ameviweka kwenye sahani tangu hotuba ya Meya ilipoanza, vikatoa jasho kidogo. Akamimina maziwa ya kopo kwanza. Akaweka sukari, tone la vanila, papai, na vibarafu vitatu juu. Akaivua blenda gauni akalikunja vizuri pembeni. Akaweka kibanio, akakitoa, akakiweka, akakitoa: grr, grr, grr, halafu grrrrrr moja ndefu. Inveta haikujua hata kama kuna mtu ametumia umeme.

Kijana wa kuajiriwa wa mapokezi alikuwa likizo, basi glasi niliipeleka mimi. Na hapo hapo ule moshi wa Kometa, uliokuwa umening'inia juu ya meza, ukageuzwa na upepo ukamwingia Radhamés kifuani.

Akakohoa.

Uso wa don Leo ukang'aa chini ya leso. Akanywa funda. Akanywa la pili. Akalizungusha mdomoni akitafuta kokoto kwa ulimi, asipate. Radhamés akapunga mikono, lakini mikono haina sauti. Akajaribu kufungua mdomo, akakohoa tena, mara tatu.

"Nimekusikia, nimekusikia!" akasema Meya. Akasimama. "Wananchi wa Arroyo Tibio! Hii ndiyo! Laini kama shavu la mtoto! Nani atarudi kwenye yale makorokoro ya bibi zetu baada ya kuonja kitu cha kisasa namna hii? Telésforo, lete hati ya uamuzi nitie saini!"

"Ukiwa umefungwa macho, Mheshimiwa?"

"Nimewahi kuzisoma hati?"

Nikamwongoza mkono. Saini ilikaa vizuri kabisa, kama kwenye nyaraka zake zote. Nikagonga muhuri juu, chini, na pembeni kwa usalama. Ndipo nikamfungua leso.

Akaona glasi. Akaona blenda ya chuma, uchi, na kibanio cha nguo kikiwa bado kimening'inia. Akaona Kometa ikitoa moshi kooni kama kasisi mwenye chetezo. Kwa vile shughuli ilikuwa imekwisha na masharti ya ukimya yamekwisha nayo, watu walicheka hadi wale wa kwenye matawi wakaanza kudondoka.

"Nafuta!" akasema don Leo.

"Kifungu cha Kumi na Mbili, Mheshimiwa," nikamjibu. "Akiwemo Mwonjaji Mkuu."

Basi ikawa sheria. Kifaa rasmi cha kaya katika Arroyo Tibio ni blenda ya kitako cha chuma na jagi la kioo, wati zisizidi nguvu ya inveta ya nyumba, kitufe kimoja kinatosha, kibanio kinaruhusiwa. Kwa kuwa kila jiko mjini lilikuwa na mashine ya namna hiyo aliyoiacha bibi, hakuna aliyesumbuka. Zilizopumzishwa ni Kometa arobaini. Nilizipokea mwenyewe kwenye ghala la Manispaa, na Radhamés akazisaini zote, anakohoa.

Nyumba moja tu ilibaki bila blenda. Don Leo alikuwa ametangulia kuonyesha mfano mwema: aliitupa ya zamani na kuweka Kometa mbili, moja jikoni, moja barazani kwa ajili ya wageni, nazo zilikuwa miongoni mwa zile arobaini.

Alivumilia siku tisa za joto. Siku ya kumi, saa nane mchana, umeme haujarudi, doña Vigi anatumia inveta yake ndogo, mimi niko dirishani kwa doña Vigi nangojea ya papai, namba saba kwenye foleni. Nikamwona anakuja na jino lake jipya na glasi yake mwenyewe ndani ya mfuko wa karatasi. Akatupita wote, mfagia soko, wanawake wawili waliotoka kuzika, na mimi, hadi mbele kabisa.

"Doña Vigi, za mchana? Nisaidie moja ya stafeli, mama. Unajua majukumu yangu."

Doña Vigi alikuwa anamimina maziwa. Hakuinua kichwa.

"Karibu, don Leo. Tiketi ya New York aliyoninunulia binti yangu nimeirudisha, kwa hiyo nipo tu, sina pa kukimbilia. Nenda mwisho wa foleni."

"Lakini mama, mimi ni Meya. Kuna utaratibu. Wakubwa hutangulia, hata Kifungu cha Saba..."

"Nakijua. Ulikiandika wewe." Akaweka vipande vya papai kimoja kimoja juu ya maziwa. "Na tuliona wote bustanini, baba. Wakubwa wakitangulia, mashine haizunguki."

Akaweka kibanio.

Don Leo akatutazama, akatazama glasi yake, akaenda kusimama nyuma ya mfagia soko. Mfagia soko akageuka akamwambia kwa adabu kwamba mwisho wa foleni ni kule kwenye kona.