Mala Nyingi kwa Tumbo Lenye Hasira

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimerudi kutoka kliniki. Sifi! Daktari Nabwile amenipima kila mahali, akasema sina kidonda wala minyoo. Nina utumbo mwepesi wa kukasirika. Hauponi, ila ukilishwa vizuri unatulia. Miaka yote hii nimebeba kitu chenye hasira zake na sikuwahi kuambiwa!

Daktari mwenyewe ni mwanamke mdogo wa mwili, mzaliwa wa Kimilili, huko Bungoma, lakini alilizungumzia tumbo langu kama mtu aliyewahi kukaa ndani. Alijua linaanza kunguruma saa ngapi. Alijua hata kwamba kanisani huwa nakaa karibu na mlango. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyemwambia.

Nimekatazwa maharagwe, kabichi na chapati. Halafu akasema nile kidogo kidogo, mara nyingi.

Mtu mwingine angetoka hapo amepotea. Si mimi! Nimeuza kamba na majembe soko la Chwele miaka mingi, nawajua watu wa Bungoma. R yao ni l, na l yao ni r. Mtu akikuambia anaenda kura, hapigi kura yoyote, anaenda kula. Kwa hivyo daktari alikuwa anasema mala nyingi. Maziwa mala, yale ya kuganda! Nile kidogo, nishushie na mala kwa wingi. Alitaka kuongeza jambo fulani kuhusu maziwa, nikamwambia asijisumbue, nimeelewa. Nimepitia dukani kununua kidumu cha mala.

Jumanne, 5 Agosti

Mkutano wa ukoo, nyumbani kwangu Kibomet, hapa Kitale. Jumamosi tunaenda Chwele kwa Mzee Wamalwa kuzungumza mahari ya binti yake Nekesa. Anaolewa na Kibe, mtoto wa marehemu kaka yetu. Msemaji ni mimi!

Ndugu yangu Thuo amepinga. Amewakumbusha watu harusi ya mwaka jana, nilipoacha hotuba katikati nikakimbilia nyuma ya hema. Aliimalizia yeye, akapigiwa makofi. Sasa ameweka sharti: nikiinuka kitini kabla ng'ombe hawajakubaliwa, usemaji ni wake. Wazee wamekubali, wakitazama tumbo langu.

Kibe alinivuta kando. Ati, "Anko, usiinuke. Thuo atakubali kila kitu wataitisha, na mimi hao ng'ombe sina. Nitaoa nikiwa mzee." Nimemwapia kwamba nitakaa kama jiwe.

Nimekunywa bilauri nne za mala. Tumbo limeimba jioni nzima. Nadhani linashukuru.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshinda chooni. Wacera, mke wangu, aligonga mlango akauliza kama Baba Mary Ann, ndiye mimi, bado yupo. Nilimjibu kwamba dawa ikifanya kazi lazima isikike. Akasema basi hii inasikika mpaka kwa majirani. Kisha akachukua kidumu changu, akamwagia nguruwe. Mwanamke hana heshima kwa sayansi.

Ijumaa, 8 Agosti

Jambo kubwa limetokea. Tumbo limenyamaza.

Tangu juzi Wacera amenilisha anavyotaka yeye: nduma, wali mweupe, kuku wa kuchemsha, kisahani kidogo kila baada ya muda. Nimekula kwa kununa tu. Leo asubuhi niliamka nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasubiri. Hakuna kitu. Nikasimama. Nikachuchumaa. Nikakohoa kwa nguvu zangu zote, jambo ambalo mtu wa hali yangu hathubutu. Kimya!

Nilitoka uani, nikauona Mlima Elgon. Wote! Nimeishi Kitale maisha yangu yote, na kila asubuhi nimekuwa nikiupita mbio nikitafuta choo. Kumbe una rangi ya samawati. Kumbe wingu hukaa juu yake likatulia tu, bila haraka. Machozi yalinitoka. Kumbe wenzangu huamka hivi kila siku, na hawasemi!

Nimefikiri sana. Ni ile mala. Bilauri nne tu za Jumanne zimefanya muujiza huu wote, licha ya vyakula vya Wacera! Kesho ni siku kubwa, inataka kipimo kikubwa. Nimenunua lita tano nikazificha dukani kwangu chini ya kamba.

Jumamosi, 9 Agosti

Ndio tumerudi kutoka Chwele.

Nilimaliza kidumu alfajiri. Tukafika Chwele, tukakaribishwa kwa heshima, nikakaa. Thuo akakaa nyuma yangu, macho kwenye kiti changu. Mzee Wamalwa akakohoa, akataja ng'ombe kumi na tatu, mitamba watupu. Kibe akainamisha kichwa.

Hapo hapo tumbo likaamka. Nikang'ang'ania kiti. Nikamwomba Mungu. Nikainuka, nikatoka bila kuaga.

Niliporudi nilijua yameisha. Kweli Thuo alikuwa amesimama akisema kwamba sasa msemaji ni yeye, na kumi na tatu ni sawa kabisa. Lakini Mzee Wamalwa alimwambia akae, wamngoje mwenye msimamo. Ati tangu azaliwe hajaona mtu anakataa idadi ya ng'ombe kwa kutoka tu, bila kufungua mdomo. Wakashuka hadi kumi. Nikafungua mdomo nishukuru. Tumbo likanitangulia. Nikatoka tena.

Safari hii sikuweza kurudi. Nikasikia viatu nje ya choo. Mzee Wamalwa mwenyewe, na wazee wenzake! Akabembeleza, "Mkwe wetu, si utoke tuongee, bana. Tuseme nane?"

Niliguna. Si kwa kupenda.

Wakanong'onezana. Akasema saba. Nikaguna kwa uchungu zaidi. Akasema sita, na hapo ndio mwisho, ati hata yeye ana majirani watakaomcheka. Wakati huo tumbo likalegea, nikasema asante kwa sauti ya mtu aliyetoka kaburini. Vigelegele!

Kibe alinikumbatia akilia waziwazi. Thuo alinipa mkono, akaniuliza kwa unyenyekevu nilijifunzia wapi. Mimi mwenyewe nimeduwaa. Tumbo hili!

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeenda kumshukuru Daktari Nabwile kwa mala. Aliuliza mala gani. Nilipomweleza, alivua miwani. Akasema, "Baba, mimi nilisema mara. Kula mara nyingi. Na maziwa nilitaka kukukataza kabisa."

Nilimfafanulia mambo ya Bungoma na r zao. Akaniuliza kama nimewahi kumsikia akikosea r. Nikafikiri. Sijawahi. Kisha akaniomba mimi nitamke gari kubwa la mizigo. Nikasema rori. Nesi alitoka nje, nikamsikia akicheka kwenye korido.

Daktari hakucheka. Alisema ule utulivu wa Ijumaa ulitoka jikoni kwa Wacera, na naweza kuwa nao siku zote. Siku zote! Nimeapa mbele yake, mkono juu.

Alhamisi, 14 Agosti

Ninatimiza kiapo. Nduma, wali, kuku, kidogo kidogo. Tumbo limelala kama mtoto mchanga. Kila asubuhi nasimama uani na Wacera tukitazama mlima, naye ananishika mkono. Sijawahi kuwa na raha kama hii.

Jioni amekuja jirani yetu Chesang. Habari za Chwele zimemfikia. Mwanawe anamwoa binti wa kina Jerono, na wale ni watu wagumu. Anataka niwe msemaji wake Jumamosi. Hataki mwingine! Thuo ameomba kuja kama msaidizi wangu. Nimekubali kabla chai haijapoa.

Ila nimeingiwa na wasiwasi. Nitaendaje kwa watu wagumu na tumbo lililolala?

Nimemwomba Wacera anikaangie matumbo ya mbuzi, mafuta yaelee. Amekataa, akaenda kulala bila kuniaga. Nimeenda mwenyewe kwa muuzaji wa stendi, nikamwambia aongeze pilipili.