Kusomea Gobore kwa Posta

Jumatatu, 18 Aprili 1994. Mbinga.

Nimeamua. Nitakuwa fundi bunduki. Sababu nimeziandika na kuzipigia mstari kwa rula. Ghala la kahawa nilikokuwa karani limefungwa. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na pikapu na mizani yao, karani wa nini? Fundi magobore wa Mpepai alifariki mwaka jana, hakuacha mrithi. Na Mzee Hyasinti wa Ukata, baba yake Tadea ninayemposa, ana gobore bovu na nguruwe pori shambani.

Hiyo ya mwisho ndiyo sababu yenyewe. Mama Winifrida, mshenga wangu, anauza usipa, dagaa wa ziwani kutoka Kihagara, kwa hiyo hakuna nyumba asiyoingia. Ameleta jibu la posa. Mzee hakatai. Ila mkwe atakayemfaa ni yule atakayelifanya gobore lilie kabla nguruwe hawajamaliza mahindi. Nathanieli, fundi baiskeli wa sokoni, naye amepeleka mshenga. Mtu wa spoku!

Jumatano, 20 Aprili.

Vyuo viwili vya elimu kwa posta nilivyoviandikia mwezi uliopita vimejibu, kupitia sanduku la Fakihi mwenye duka. Nimevilinganisha kwa utaratibu.

Cha kwanza: karatasi nene, mihuri minne, mmoja una tai. Cheti hutumwa pamoja na somo la kwanza, kumtia mwanafunzi moyo. Cha pili: barua ya mkono, muhuri hakuna. Na maswali! Nina kibali cha polisi? Fundi gani wa karibu atanisimamia, maana kupiga tupa hakufundishiki kwa barua? Nikikabidhiwa bunduki, jambo la kwanza ninafanya nini? Chini yake majina ya wahitimu sita, niwaandikie nichunguze sifa za chuo. Chuo chenye sifa kingeomba kuchunguzwa?

Swali la tatu limeniudhi hasa. Mtu aliyelelewa anajua. Unaipokea kwa mikono miwili.

Mihuri minne kwa sifuri. Fakihi amecheka mpaka akashika kaunta. Eti, “Wendelini bwana, mihuri mimi ninayo mitatu kwenye droo. Mmoja una jogoo. Nikufungulie chuo?” Wivu wa mwenye duka. Nimejiunga na chuo cha tai.

Alhamisi, 12 Mei.

Bahasha imefika! Cheti kina utepe mwekundu. Somo la Kwanza: Historia ya Baruti, kurasa kumi na mbili. Nimezisoma mara mbili. Nyundo na kifyatulio ni Somo la Tisa, litakuja Desemba.

Mama Winifrida anasema nguruwe wamefyeka mahindi kwenye ngolo nne, mashimo yetu ya kulimia mlimani, na yenyewe wameyafukua. Nimemtuma amwambie Mzee kwamba Wachina walikaa na baruti karne nyingi kabla ya kupata bunduki. Amekataa kuupeleka ujumbe huo.

Jumamosi, 14 Mei.

Tadea alikuja sokoni na maharage. Nikamwonyesha barua zote mbili. Alisoma polepole, akairudia ile isiyo na muhuri. Akasema hawa wanauliza kama baba yake anavyouliza, lakini wale wengine hawajauliza hata kama nina mikono. Nikamweleza kuhusu tai. Akajitwika ungo wake akaondoka.

Nimewaza sana. Kwa nini anayeniuliza maswali hunifanya nijione mdogo, na anayenisifu bila kunijua hunifanya nijione mkubwa? Huenda kuna jambo hapo. Ningeliendeleza, lakini cheti kilihitaji fremu.

Jumapili, 15 Mei. Ukata.

Nilikwenda baada ya Misa, na cheti. Shikamoo, marahaba. Mzee akakitazama upande wa mbele, akakigeuza, akakitazama upande wa nyuma. Kisha akaingia ndani, akatoka na gobore.

Kumuuliza baba mkwe kama kitu anachokukabidhi ni salama? Haiwezekani. Nilichuchumaa, nikainamisha macho, nikapokea kwa mikono miwili. Dole gumba likagusa nyundo. Ugonjwa wa gobore ni kwamba nyundo haikai. Nyundo haikukaa.

Lilikuwa limeshindiliwa baruti, kwa ajili ya nguruwe.

Hakuna aliyeumia. Bati la jikoni lina matundu kumi na moja (nimehesabu). Kuku walikimbilia bondeni. Moshi ulipotulia Mzee akaniuliza, kwa upole mno, “Mwanangu, somo lako lilihusu nini?” Historia ya baruti, baba. Akasema, “Basi sasa na wewe umo.”

Tadea alikuwa mlangoni. Hakucheka. Heri angecheka.

Ijumaa, 20 Mei.

Nathanieli amelitengeneza gobore. Mama Winifrida ananisimulia kwamba kabla hajaligusa, alimuuliza Mzee usoni, “Lina kitu ndani?” Mbele ya watu! Kisha akamtaka Mzee waende kwanza polisi kuomba kibali. Usiku wa jana limelia, nguruwe wawili wamelala.

Lakini Tadea amemwambia baba yake kwamba hamtaki Nathanieli. Ananitaka mimi. Mimi! Eti nilipoulizwa nilichosomea, sikudanganya. Mzee amekubali, kwa sharti moja: hadi mavuno niwe msaidizi wa Nathanieli kibandani, nijifunze kwa mikono kazi yoyote, awe na hakika binti yake hatalala njaa. Nathanieli ameridhia. Tadea atasubiri hadi mavuno, si zaidi.

Nimelitafakari sharti hili siku nzima, kwa unyenyekevu. Nimekosea, nakiri. Nilisomea bunduki, kumbe nilichohitaji ni mke.

Kwa bahati, gazeti lililofungiwa sukari dukani kwa Fakihi lina tangazo la chuo kinachofundisha kwa posta Jinsi ya Kuwa Mume Bora. Mavuno ni wiki saba. Kozi ni miezi kumi na minane. Nimemwandikia mkuu wa chuo aniwekee masomo yote kwenye bahasha moja. Nathanieli nimemjibu kwamba nafasi sina, ninasoma.