Vile Programu Yangu Imenianika

Leo nimejianika mwenyewe, mchana kweupe, kwa projekta.

Wasee, msiniulize kama niko sawa. Siko sawa. Niko saiba hapa Nakuru mjini, nimebakiza dakika arobaini za intaneti, na lazima niwaambie mimi kabla Morris hajawaambia. (Na Morris husimulia vizuri sana. Ndiyo kazi pekee anayoijua.)

Kwa wale mlioenda kusomea mambo mengine: darasa letu la kompyuta tuko watu sitini na mmoja. Wasichana ni wanne. Wanne! Na mmoja wetu ni mtawa. Choo cha akina dada kwa jengo letu kilifanywa stoo ya monitor zilizokufa, kwa hivyo ukibanwa katikati ya lecture unatembea mpaka jengo la kilimo, na ukirudi ubao ushafutwa. Mwaka wa kwanza tuliandika barua kulalamika. Tukaambiwa tungoje tuongezeke kwanza. (Tuongezeke vipi? Wanadhani sisi ni sungura?)

Sasa, projects. Mwaka wa tatu kila kikundi cha watu wanne kinatengenezea mtu wa kweli programu ya kweli. Daktari, lecturer wetu wa projects, aligawa vikundi mwenyewe, na akahakikisha sisi wanne hatuko pamoja. Halafu akasema mbele ya darasa bila hata kuona haya, "Wasichana mtashika ripoti. Mna mwandiko safi." Mwandiko! Na ripoti inachapwa kwa kompyuta! Nikaangukia kikundi cha Morris, na tangu siku hiyo jina langu huko likawa Typist. Wale wengine wawili sitawataja, maana hawakufanya lolote, zuri wala baya.

Mtu wetu alikuwa Mzee Pravin, mwenye duka la spea za magari hapa mjini. Spea zimejaa mpaka darini, na ni yeye na kaka yake tu wanajua nini iko wapi. Alitaka programu ya kumwambia kitu fulani kiko shelfu gani na zimebaki ngapi. Na alikuwa amemwahidi Daktari jambo moja: mwanafunzi atakayeitengeneza atapata attachment, yale mafunzo ya kazini, pale dukani, miezi mitatu.

Hapo ndipo moyo wangu ulikuwa. Bila attachment huingii mwaka wa nne, na barua ya kukubaliwa inatakiwa ofisini Ijumaa hii. Mimi nimezungusha barua zangu mji mzima tangu chuo kifunguliwe baada ya ile vurugu ya Januari. Kila mahali ni "tutakupigia". Ofisi moja waliniuliza kama najua kupokea simu. Nikawaambia najua kuunganisha kompyuta zao zote ziongee pamoja. Wakasema sawa, hiyo ni poa, lakini simu je?

Kwa hivyo ile programu niliandika mimi. Yote. Wiki saba. Nilienda dukani nikahesabu mashelfu mpaka vumbi la brake likanikausha koo. Morris alikuwa anaingia lab saa kumi, ameoga, ananukia, anaketi "kutest". Anaandika namba za ajabu, minus tisini na tisa, programu inaanguka, halafu anatangazia lab nzima, "Typist, kitu yako imekufa!" Kitu yangu. Ikiamka inakuwa "system yetu".

Jumanne wiki jana akaiangusha mara ya nne. Nikapandwa na hasira. Nikaziba lile tundu, kwamba ukiandika namba hasi programu inakataa na kukuletea ujumbe. Hapo ningeandika "Namba si sahihi", kama mtu aliyelelewa. Lakini wapi! Niliandika yaliyokuwa rohoni. Jumbe tatu, zinafuatana. Na ili Morris asikwepe, nikatoa ile alama ya kufunga, nikaacha kitufe kimoja tu cha OK. Lazima azisome zote. Nikajiambia nitazitoa kabla ya siku ya kuonyesha kazi. (Kila mtu anayeandika programu amewahi kujidanganya hivyo. Kila mmoja.)

Siku ya kuonyesha kazi ilikuwa leo.

Morris amefika na suti ya kakake na tai nyekundu. Daktari kumwona tu, akasema, "Morris, wewe ndio utaongea. Jeruto, keti kwa kompyuta umsaidie kubonyeza."

"Lakini sir, mimi ndio najua vile inafanya."

"Ndio maana ubonyeze."

Basi nikabonyeza. Mzee Pravin alikuwa mstari wa mbele na kitabu chake cha stoki mapajani, darasa lote nyuma yake. Morris akaongea dakika ishirini. "Niliamua hivi." "Nikafikiria vile." "Hapa nilipata changamoto." Changamoto gani, wewe? Mzee anatikisa kichwa kwa furaha, anamwambia Daktari, "Kijana mzuri sana." Mimi naomba Mungu mtu ataje jina langu, hata kwa bahati mbaya.

Halafu mzee akasimama. "Mimi nataka jaribu."

Nikampisha kiti. Akafungua kitabu chake. "Jana mteja amerudisha oil filter moja. Kitu ikirudi, mimi naandika minus moja. Baba yangu aliandika hivyo, mimi pia."

Wiki saba nimekanyaga hilo duka, nimehesabu mpaka nati, na sikuwahi kumuuliza kitu kikirudishwa anaandikaje! (Hilo kosa ni langu. Nakubali, yaishe.) Nikaona kidole chake kinatafuta minus. Nikasema, "Mzee, ngoja kid..." Akabonyeza.

Ukuta mzima, herufi kubwa:

MORRIS, NAMBA HASI TENA? TOA MKONO KWA KEYBOARD.

Mzee Pravin akasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Akatoa mkono kwa keyboard.

"Mimi si Morris," akasema.

Lab ikalipuka. Watu walicheka wakashikana. Mimi nikaruka, nikanyakua maus, nikabonyeza OK hiyo kitu iondoke. Kwa ile haraka nilisahau ziko tatu.

KUVAA TAI SI KUANDIKA PROGRAMU. HUJAANDIKA HATA MSTARI MMOJA.

Watu sitini wakageukia ile tai. Morris akaishika kama inamkaba. Sasa hapo, niseme ukweli, mambo yangeishia hapo ningelala vizuri. Lakini ya tatu niliijua. Nikaachilia maus.

"Endelea," Daktari akasema.

"Imekwama, sir."

"Haijakwama. Naona OK. Bonyeza."

"Sir, naomba tu nizime mashine."

"Jeruto. Bonyeza."

Nikaingia chini ya meza, nikang'oa waya kwa ukuta. Shujaa! Kumbe kompyuta ya kuonyeshea imeunganishwa na ile betri ya kuokoa kazi stima ikipotea, na projekta pia. Hakuna kilichozima. Betri tu ndiyo ilianza kupiga mayowe, piii, piii, piii, mpaka watu wa lab ya pili wakaja kuchungulia mlangoni. Niko bado kwa magoti huko chini nikasikia maus juu yangu: tak. Daktari alikuwa amebonyeza mwenyewe.

DAKTARI AKIULIZA, MWAMBIE NI TYPIST ALIITENGENEZA. HATA HIVYO HATAELEWA.

Hakuna aliyecheka. Piii. Piii. Piii.

"Nani ameandika hii?" Daktari akauliza.

Na Morris, yuleyule wa "niliamua" na "nikafikiria", mkono ukapaa juu. "Ni Jeruto, sir! Hapo ni Jeruto peke yake."

Wiki saba! Wiki saba nangoja hicho kinywa kikubali kwamba niliandika kitu!

Nikatoka chini ya meza na vumbi magotini. Nikasema, "Ni mimi, sir. Hiyo, na ile nyingine yote." Sauti ilikuwa inatetemeka. Naichukia sana ikitetemeka. Daktari akasema ile nyingine si hoja ya leo, hoja ya leo ni nidhamu, na kesho asubuhi nilete barua ya kuomba msamaha, imechapwa, nakala tatu.

Nje kwa korido Mzee Pravin akaniita kando. "Mama, hii programu ni wewe umetengeneza?"

"Ndiyo, mzee."

"Najua. Wewe ndio ulikuja hesabu shelfu. Huyu kijana sijawahi ona kwa duka." Hapo nikajua nimepata. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Akaendelea, "Kwa hivyo huyu kijana nimechukua. Duka yangu ni mafundi tupu, wanaongea vibaya, wewe hutaweza. Yeye akae kaunta. Wewe ukuje kila Jumamosi, ufundishe yeye."

Nikangoja aseme ni mzaha. Haikuwa mzaha. Alikuwa ananihurumia, kabisa kabisa, kwa macho ya mzazi, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka saa hii. Afadhali angenitukana.

"Hapana, mzee," nikasema. "Asante. Lakini hapana."

Nikarudi lab. Nikazitoa zote tatu, nikaandika "Namba si sahihi", na nikatengeneza mahali pa kuweka kitu kilichorudishwa, maana hiyo ni kazi na mimi huwa namaliza kazi. Morris akaja akasimama nyuma yangu, tai ameweka mfukoni. "Jeru, usikasirike. Ungeniambia tu, si ningesema." "Sasa password ya kuingia ni gani? Nitahitaji huko kwa mzee."

Nimemwandikia kwa karatasi. Kwa mwandiko safi.

Kwa hivyo leo ni Jumatano, Ijumaa ni keshokutwa, na mimi sina barua. Mwenye kujua mahali wanataka mtu wa kompyuta, hata Gilgil, hata kwa ng'ombe, aniandikie haraka. Purity wa darasa letu ananiambia siku moja nitacheka. Basi ngojeni hiyo siku tucheke pamoja, sio leo.

Na dada zangu mnaoanza hii kozi, msifanye nilivyofanya. Wiki saba nimeandika hiyo programu, usiku na mchana iko kichwani, na kwa mistari yake yote kulikuwa na jina la mtu mmoja tu. Morris. Na niliyeliweka ni mimi.