Waya wa Milimita 1.2

Jumatatu, 4 Machi
Muuza vifaa vya uvuvi amebakiwa na msumari mmoja mtupu ukutani. Kasema Jumamosi atajaribu bwawani chambo changu cha mti, samaki wa bandia, na cha shemeji, kaka wa mke wangu. Kitakachoelea, kinase samaki na kurudi kizima, ndicho kitakachotundikwa dukani. Shemeji kanunua waya mpya wa kushikia ndoana, usioshika kutu, milimita 1.2. Mimi sinunui kinachookoteka.

Jumanne, 5 Machi
Waya wa kufungia nondo. Laini mno! Nimeupitisha ndani ya mti, nikafunga ndoana kwenye kitanzi, nikatundika ndoo ya maji. Kitanzi kimefunguka kwa lita nne. Sebule imelowa. Mke wangu kauliza kama bwawa nimelihamishia nyumbani.

Jumatano, 6 Machi
Spoki ya baiskeli, milimita 2. Imebeba lita kumi na mbili! Nimeandika: JARIBIO LA UZITO, LIMEPITA. Kisha beseni. Chambo kimezama kichwa mbele. Mti unahimili gramu 12. Spoki na ndoana ni 14. Shemeji kachungulia, kasema hongera shemeji, umetengeneza nanga. Sikumkaribisha chai.

Alhamisi, 7 Machi
Waya wa kuanikia nguo! Nimepima mara tatu: milimita 1.2 kamili. Nimekata sentimita 20 tu, nikaunga uliobaki. Pamoja na ndoana, gramu 11 na nusu. Kinaelea kama bata. Ndoo sikutundika, jaribio lilishapita jana.

Ijumaa, 8 Machi
Kiungo kimeachia. Shuka mbili na sare tatu za shule, zote vumbini. Mke wangu kauliza nani kakata waya. Nimesema kutu. Kaitazama koleo mfukoni mwangu, akasema kutu hiyo ina mpini mwekundu.

Jumamosi, 9 Machi
Cha shemeji: samaki wawili. Changu kikavamiwa na jitu la samaki, watu wakapiga mayowe! Kisha uzi ukalegea. Mti umerudi, ndoana haikurudi. Kitanzi kimenyooka kama rula. Msumari ni wa shemeji. Kanikatia mita tano za waya wake, eti nijaribu tena, tusigombane kwa ajili ya samaki. Nimechukua. Nimemfungia dada yake kamba mpya ya nguo.

Jumapili, 10 Machi
Nimepiga hesabu upya. Kosa ni la samaki: alizidi kilo nne. Waya wa shemeji unang'aa uani, lakini cha kupewa sitengenezei chambo. Nyuma ya mlango kuna mwavuli wa mama mkwe. Mbavu nane, milimita 1.2 kamili. Mawingu hakuna. Na ndoo haina haja: jaribio la uzito lilishapita Jumatano.