Karibu Pilau, Margilan

Jumatatu, 3 Machi 2014
Bosi wetu wa duka la hariri hapa Margilan, Hoshim aka, yaani kaka Hoshim, amechoka kusomea barua pepe kwenye simu. Anataka programu ya barua iwekwe kwenye kompyuta za ofisi, na iwe ya bure. Mimi nijaribu moja, Muqaddas opa, dada yetu wa hesabu, ajaribu nyingine. Atakayevuta wateja wengi atapelekwa maonyesho ya hariri Istanbul. Istanbul! Mimi sijavuka Tashkent. Opa ana miaka mingi kazini, lakini mimi nina akili.

Jumanne, 4 Machi
Nimepakua tatu. Ya kwanza ilifunguka kwa Kijapani. Ya pili inafanya kazi vizuri, ila haina rangi. Ya tatu ina bahasha inayoruka. Nimechukua ya bahasha. Opa kachukua ile isiyo na rangi. Nikamwuliza mbona kachagua yenye sura ya msiba. Akasema, "Tolibjon, mdogo wangu, natafuta programu, sitafuti mchumba." Ofisi nzima ikacheka, hata mzee wa chai.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua hazina. Programu inabandika maneno chini ya kila barua, yenyewe. Opa kaweka jina na simu. Maskini. Mimi nimeweka anwani ya nyumbani na haya: "Nyumba yangu ni yako. Njoo siku yoyote na wenzako, mle pilau. Usipokuja nitaumia." Adabu tu. Hata msoma mita ya gesi namwambia hivyo, naye huweka mkono kifuani, hushukuru, huenda zake. Hajaingia hata mmoja tangu nioe.

Ijumaa, 14 Machi
Barua zinamiminika. Waholanzi wanausifu ukarimu wangu. Bibi Annelies kauliza kama pilau ina nyama. Nikajibu ya kondoo, tena yenye mafuta ya mkia. Kauliza pia bei za adras, kitambaa chetu cha hariri na pamba, hiyo nikamwachia Opa. Hoshim aka kanipiga begani. Istanbul nainusa.

Jumapili, 23 Machi
Basi limesimama mlangoni. Bibi Annelies na Waholanzi wake. Nikasema karibuni, nikangoja waweke mkono kifuani. Wakavua viatu.
Mke wangu Zebo akachukua kisu, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikaazima sufuria kwa jirani, mchele kwa jirani wa pili. Zebo akakata karoti huku akinieleza kwamba wageni wakiondoka nami nipande basi. Pilau ilitoka tamu, hilo nalisema. Wakala, wakaimba, wakauliza hariri iko wapi. Mimi mafuta mpaka viwikoni. Nikampigia Opa alete vitambaa. Nimemwita kwa mdomo wangu mwenyewe!

Jumatatu, 24 Machi
Kauza vyote. Kumbe bei na vipimo vyao alikuwa keshawaandikia, kila mmoja. Istanbul ni yake. Hoshim aka kasema mimi ni mtu mkarimu sana. Nimeumia, na safari hii si adabu.
Jioni Opa kaniita pembeni. Kasema, "Mdogo wangu, futa yale maneno. Wale wakisoma kitu wanakiamini." Nikafuta mbele yake. Kosa halirudiwi mara mbili.

Jumatano, 2 Aprili
Opa karuka leo kwenda Istanbul. Nimeachiwa barua zote. Na nimegundua kwamba programu inajibu yenyewe! Hakuna pilau tena, nimekoma. Sasa ni biashara tupu, kama sokoni. Kila anayeuliza bei anajibiwa papo hapo: "Kati yangu na wewe bei ya nini? Chukua bure." Mnunuzi yeyote mwenye adabu atakataa, atakazana kulipa, na hapo ndipo utamkamua.
Mfanyabiashara wa Rotterdam keshajibu. Kashukuru mno, kataja majora anayoyataka, kasema lori liko njiani. Anajua kuanza mazungumzo, huyu.